Shukrani ya Mezani Wakati wa Taabu



Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 5, mstari wa 18, atuagiza kushukuru katika mambo yote. Agizo hili twalisoma kwa wepesi siku za mavuno, ghala zikiwa zimejaa na watoto wakiwa wazima. Lakini mvua ikikatika, mahindi yakanyauka yangali machanga, na watu wa matanga wameketi uani, ndipo neno lilo hilo huwa zito mdomoni. Je, atashukuruje mtu aliyetoka kumzika mtoto wake?

Swali hili hatukulibuni. Mwaka mmoja wa ukame tulikwenda katika mtaa mmoja wa usharika wetu kumpa pole mama aliyefiwa na mwanawe. Tulipotaka kuomba, alituambia, "Baba Mchungaji, omba upendavyo, lakini leo usiniambie nishukuru. Siwezi." Nasi kwa haraka tukamsomea neno lile la Paulo, kana kwamba ni sheria ya kumshitaki. Hakujibu, aliinamisha kichwa tu, nasi tukaenda zetu. Njiani moyo wetu ulituhukumu, maana tulikuwa tumemtwika mzigo mtu aliyekwisha kulemewa.

Jioni ile tuliifungua Injili ya Yohana, mlango wa 11. Penye kaburi la Lazaro Bwana Yesu alilia machozi. Kisha papo hapo akainua macho yake akamshukuru Baba. Tena Paulo awakumbusha Wakorintho ya kuwa usiku ule ule aliosalitiwa, Bwana alitwaa mkate akashukuru. Hakuushukuria usaliti wa Yuda. Alishukuru kwa ajili ya mkate, naye msaliti alikuwa karibu. Ndipo tulipoliona kosa letu. Kushukuru si kuuita uovu jina jema, wala si kumficha Mungu machozi yetu. Kushukuru ni kuutambua mkono wa Baba katika kile kidogo kilichopo, hata usiku wa giza.

Sisi Walutheri tunaye shahidi wa jambo hili, naye ni Martin Rinkart, mchungaji wa mji wa Eilenburg katika nchi ya Ujerumani. Alizaliwa katika mji huo mwaka 1586, akarudi kuutumikia mwaka 1617. Mwaka uliofuata vikaanza vita vilivyodumu miaka 30, hata mwaka 1648. Kwa kuwa mji ule ulizungukwa na kuta, wakimbizi wengi waliingia humo, wakasongamana. Na mwaka 1637 tauni ikawashukia. Katika watumishi wa kanisa, wengine walikufa, na Rinkart akabaki peke yake kuwatunza wagonjwa na kuwazika wafu. Siku nyingine alizika watu 40 au 50. Yahesabiwa ya kuwa mwaka ule aliwazika watu 4,000 na zaidi, na mkewe mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Baada ya tauni ikaja njaa, naye akawagawia maskini waliojaa mlangoni pake, hata nyumba yake ikabakiwa na chakula kidogo mno.

Mtu huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani "Nun danket alle Gott", uimbwao hata leo katika makanisa kwa lugha nyingi. Kwa kuwa huimbwa siku za sherehe, mtu aweza kudhani ulitungwa siku ya ushindi. Sivyo. Aliutunga katika miaka ya vita vile, uwe sala fupi ya mezani, ya kumshukuru Mungu baada ya kula. Maneno yaliyokuja kuimbwa na makutano makubwa yalikuwa kwanza maneno ya nyumbani, penye mkate wa siku moja.

Basi tulirudi kwa mama yule, tukamwomba radhi. Tukamwambia ya kwamba hatudai amshukuru Mungu kwa ajili ya mauti, kwa kuwa Maandiko yenyewe huyaita mauti adui. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Tangu siku ya maziko majirani wananitekea maji. Kwa hayo naweza." Tukaomba kwa ajili ya hayo tu, wala hatukuongeza neno.

Wapenzi, shukrani ya kila siku yaanza hapo. Dakta Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipofasiri sehemu ya kwanza ya Imani, alihesabu mwili na roho, macho na masikio, mavazi na viatu, chakula na nyumba; ndipo akatukumbusha ya kuwa kwa hayo yote yatupasa kumshukuru Mungu. Akatuwekea na sala za asubuhi, za jioni na za mezani. Enyi walimu, msiwaache watoto wazikariri kama kasuku. Waulizeni, Leo umepokea nini? Nanyi wazazi, kila jioni kabla ya kulala, kila mtu wa nyumbani ataje jambo moja, hata likiwa dogo. Atakayezoea kushukuru penye uji wa kila siku hatakosa neno siku ya taabu itakapofika.

Akiwapo mfiwa asiyeweza kusema, msimlazimishe. Ketini naye, mshukuru kwa niaba yake hata sauti yake irudi. Wala tusisahau mlango wa Rinkart: aliyeshukuru kwa mkate aliugawa mkate. Pengine jirani yako ameshindwa kushukuru kwa kuwa hakuna aliyemtekea maji. Chukua mtungi, uende.

Na Bwana wetu Yesu Kristo, aliyeshukuru usiku wa kusalitiwa kwake, atufundishe kulia pamoja naye na kushukuru pamoja naye, hata siku ile atakapoyafuta machozi yote. Amin.