Mtoto wa Makao na Adabu ya Kuishi na Watu

Mtoto wa kijijini hujifunza adabu pasipo kufundishwa kwa kitabu. Huketi karibu na wazee wakikata shauri, humsikia mama akiomba moto kwa jirani, humwona mjomba akipatana na ndugu waliyegombana. Lakini mtoto alelewaye katika makao ya yatima huamka kwa kengele, hula kwa kengele, hulala kwa kengele. Hana haja ya kuomba wala kupatana, maana mlezi amekwisha kuamua yote. Siku atokapo, atajuaje kuishi na watu? Je, amri zatosha kumfundisha?

Daktari mmoja wa Poland, Janusz Korczak, aliona kwamba hazitoshi. Tangu mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini Warsaw, pamoja na Bibi Stefania Wilczyńska. Humo watoto walikuwa na baraza lao la hukumu. Waamuzi watano walipatikana kwa kura, miongoni mwa watoto wasio na shauri juma lile. Kila mtoto aliweza kumshtaki mwenzake, hata mlezi. Na ajabu ni hii: kanuni 99 za kwanza za baraza zilikuwa za kusamehe au kuacha shauri. Kumfukuza mtoto kulikuwa kanuni ya 1000.

Mtu aweza kuuliza: watoto kuwahukumu wakubwa, si kuvunja heshima? Swali hilo lina uzito, wala si la kuchekwa. Korczak alilijibu kwa matendo. Katika nusu mwaka alijishtaki mwenyewe mara tano. Mara moja kwa kumpiga mtoto, mara nyingine kwa kumdhania msichana kuwa mwizi. Aliandika baadaye kwamba mashauri hayo yalimlea yeye. Watoto nao waliona kwamba mwenye nguvu aweza kukiri kosa, na aliyekosewa aweza kusema bila kupigana. Neno hili la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa yatima wengi wamezoea ama kunyamaza ama kuuma.

Mwezi wa Agosti 1942 Wanazi waliwachukua yatima hao, wapatao 200, kwenda kuwaua Treblinka. Rafiki zake walikuwa wametaka kumficha Korczak, akakataa. Yeye na Bibi Stefania walikwenda pamoja na watoto.