Kupima Nyumba za Maskini: Je, Dhana Yatosha Kuwa Ushahidi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeiweka mizani na Akaamrisha isipunjwe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu, ya kwamba katika nchi ya Uingereza ziko nyumba nyingi ambazo wenyewe ni mabaraza ya miji na vyama vya nyumba, nazo hupangishwa watu wa kipato kidogo kwa kodi nafuu. Katika England peke yake zapata karibu milioni 4. Humo wamo Waislamu wengi, na baadhi yao ni jamaa zetu wa Barawa na Unguja na Mombasa waliohamia huko. Na nchi ile ni ya baridi kali. Nyumba isiyoshika moto ni madhara kwa mtoto mchanga na kwa mzee, na kuipasha moto ni gharama inayomla maskini posho yake.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 2007 na 2008 kanuni za huko zataka nyumba inayouzwa au kupangishwa iwe na cheti kielezacho kadiri inavyotumia nishati. Daraja zake ni herufi, A ndiyo bora na G ndiyo mbovu. Mpimaji huingia akatazama kuta, dari, madirisha na mtambo wa kupasha maji, kisha hufanya hesabu. Asichoweza kukiona, kama kilichomo ndani ya ukuta, hukikisia kwa umri wa jengo. Na mwenye maelfu ya nyumba mara nyingi hupima chache tu, kisha yaliyoonekana humo hunakiliwa kwa nyingine zinazofanana nazo. Juu ya daftari hilo ndipo huamuliwa nyumba ipi itengenezwe mwanzo na ipi ingoje.

Basi swali letu ni hili: je, yafaa mtu kuandika asichokiona, na mwingine akakaa katika baridi kwa sababu ya andiko lile?

Jambo hili si geni katika fiqhi yetu. Wanavyuoni wamelitaja katika mlango wa zaka kwa jina la khars, nayo ni kukisia tende na zabibu zingali mtini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpeleka Abdullahi bin Rawaha kwenda kukisia tende za Khaybar. Watu wa huko wakamletea mapambo ya wake zao ili awapunguzie, akayakataa na akawabainishia ya kuwa rushwa ni haramu. Kwa hiyo makisio yana asili katika sharia, wala hatusemi kwamba kila dhana ni batili.

Lakini tazama sharti walizoweka maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii. Mkisiaji awe mwadilifu, tena awe mjuzi wa kazi yake. Auzunguke kila mtende na aangalie mashada yake yote. Wala haimfai kuona mitende mingine na kuipimia iliyobaki kwa kiasi cha ile, kwa kuwa mitende hutofautiana. Na nafaka haikisiwi, kwa sababu punje zimefichika ndani ya masuke. Ikiwa hivi ndivyo ilivyo katika tende, ambazo hasara yake ni mali, itakuwaje katika nyumba, ambayo hasara yake ni afya ya mtu?

Huenda mtu akasema, “Nyumba ni nyingi, na kuingia kila moja ni mashaka na gharama, na nyumba zilizojengwa mwaka mmoja kwa ramani moja ni kama ndugu wa tumbo moja.” Twajibu: neno hili lina haki ndani yake, na haja ina hukumu yake. Walakini ndugu wa tumbo moja hawaugui maradhi mamoja. Hii paa lake lavuja, ile dirisha lake limepinda, na ya tatu iko pembeni yapigwa na upepo pande tatu. Basi mwenye dharura na akisie, kwa sharti tatu. Kwanza, aandike wazi ya kuwa hiki nimekiona na hiki nimekikisia, asivichanganye. Pili, asichague zile zilizo nzuri zikawa ndizo mfano wa zote. Tatu, mkaaji akilalamika, dhana ianguke papo hapo, aende akatazame kwa macho yake. Maana yakini haiondolewi na dhana.

Sharti hii ya tatu ndiyo iliyo nzito. Katika mji wa Rochdale, mwezi wa Desemba 2020, alikufa mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazee wake walitoka Sudan. Baba yake alikwisha shitaki habari ya kuvu nyumbani tangu 2017, akaambiwa aipake rangi. Mwezi wa Novemba 2022 hakimu mchunguzi wa vifo alihukumu kwamba aliyemuua ni kuvu ile, na kwamba nyumba haikuwa na njia ya kutosha ya kupitisha hewa. Nao wenye nyumba wakakiri ya kuwa walidhania tu ni mwenendo wa wakaaji uliosababisha unyevu. Unaona, ndugu yangu, dhana ilivyofanya? Walimkisia mtu kama wanavyokisia ukuta. Baadaye sharia iliyopewa jina la mtoto huyo ikaanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025, ikiwalazimisha wenye nyumba hizi kuyachunguza mashitaka kama hayo kwa muda maalumu.

Na liko jingine. Hesabu ya cheti hicho ilijengwa juu ya mkaaji wa kudhaniwa, anayekipasha chumba chake cha kukaa kwa joto la digrii 21. Maskini hafanyi hivyo. Huzima moto akajifunika blanketi. Mtu akitazama matumizi yake madogo asije akasema, “Nyumba hii ni njema, haili nishati.” Huko ni kuihesabu njaa ya mtu kuwa ni saumu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni alitia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikapata unyevu uliofichwa chini. Hakutosheka na kilichoonekana juu, na akamkemea vikali mwenye kughushi. Huo ndio upimaji.

Nasi watu wa pwani tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Tunazo nyumba za wakfu, na nadhiri wake huulizwa hali zake. Akijibu kwa daftari la zamani bila ya kupanda darini, naye ameshuhudia asichokiona. Kalamu ni mizani, na Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wenye kupunja. Tumwombe Mwenyezi Mungu Atujaalie kuwa katika wenye kutimiza. Wallahu aalam.