Bei ya Mchezaji na Deni la Utu

Klabu ya ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, inapotaka kukijenga upya kikosi chake, hutegemea njia mbili kuu mbali na uteuzi wa vijana wa kila mwaka: kubadilishana wachezaji na klabu nyingine, na kusajili wachezaji huru, yaani wale ambao mikataba yao imekwisha na wanaweza kwenda wanakotaka. Kwa kawaida kazi hii huzungumzwa kama jambo la hesabu, kwa kuwa ligi ina ukomo wa mishahara, ambao ni kiwango cha jumla kinachoongoza matumizi ya kila klabu. Lakini chini ya hesabu hiyo limelala swali la kifalsafa, nalo ni kama mtu anaweza kutolewa badala ya mtu mwingine bila utu wake kuguswa, na kama ushindi unaokuja baadaye unaweza kukihalalisha kitendo ambacho siku kilipotendwa hakikuwa na uhalali wa kutosha.

Msomaji aliyeuzoea usajili wa soka hana budi kuona kwanza tofauti moja kubwa. Katika soka, klabu mbili zinaweza kukubaliana juu ya ada ya uhamisho, lakini mchezaji asipotia saini mkataba mpya na klabu inayomtaka, hakuna uhamisho. Katika NBA mkataba wenyewe ndio unaohama, na mchezaji huufuata hata kama hakuulizwa, isipokuwa wachache wenye haki ya kukataa, kama wale ambao mikataba yao ina kifungu cha kuzuia uhamisho. Anaweza kuamka akiwa wa mji mmoja na kulala akiwa wa mji mwingine, na madaktari wa klabu mpya humpima mwili, nao wakiona kasoro makubaliano yote yanaweza kuvunjika. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, picha ya mtu anayekaguliwa viungo kabla ya kukabidhiwa haipiti bila kuamsha kumbukumbu ya soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Lakini ulinganisho huo ukiachwa bila mipaka huwadhulumu waliouzwa pale, ambao hawakuwa na mkataba, ujira, wala siku ya kumalizika kwa kazi yao.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina istilahi inayosaidia kuuona mpaka huo: ijara ni mkataba wa kuuza manfaa, ambayo ni matumizi ya kitu au kazi ya mtu kwa muda maalumu, na si kuiuza dhati yake. Kwa mizani hiyo, kinachobadilishwa ni haki ya kunufaika na kazi ya mchezaji kwa miaka iliyosalia, na uhuru wake wa kuondoka miaka hiyo inapokwisha ndio unaoizuia ijara isigeuke kuwa umiliki. Uhuru huo haukutolewa kwa hisani. Zamani klabu iliweza kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha; mwaka 1970 Oscar Robertson, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, aliongoza wenzake kwenda mahakamani, shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 1976, na hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1988 ndipo Tom Chambers alipohama kutoka Seattle kwenda Phoenix akiwa mchezaji huru wa kwanza asiyefungwa na sharti lolote la klabu yake ya zamani.

Hata hivyo, uhalali wa mkataba haumalizi swali. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alitofautisha mwaka 1785 kati ya kilicho na bei, ambacho kinaweza kuwekewa kingine cha thamani sawa mahali pake, na kilicho na heshima isiyopimika, ambacho hakina mbadala. Kubadilishana wachezaji kwa asili yake ni kutafuta mbadala. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa 2 katika uteuzi wa mwaka 2009, alipelekwa na Memphis kwenda Houston Februari 2011 pamoja na haki ya uteuzi, yaani haki ya kumchagua kijana katika uteuzi wa baadaye, ili Shane Battier aje Memphis. Na haki ya uteuzi, ikitazamwa vizuri, ni bei ya mtu ambaye bado hana jina.

Mfano unaolibana swali hili kuliko mingine ni wa Toronto Raptors. DeMar DeRozan aliitumikia klabu hiyo misimu 9, na mwaka 2016, alipokuwa mchezaji huru, alisaini tena mkataba wa miaka 5 bila kwenda kuonana na klabu nyingine. Kwa maneno mengine, aliupata uhuru uliopiganiwa na kina Robertson, akaurudisha kwa hiari mikononi mwa mji aliokulia kimchezo. Tarehe 18 Julai 2018 alipelekwa San Antonio pamoja na Jakob Poeltl na haki ya uteuzi wa mwaka 2019, na Kawhi Leonard na Danny Green wakaja Toronto. Haki ile ya uteuzi ikaja kuwa Keldon Johnson, ambaye siku ya makubaliano hakuna aliyejua kwamba ndiye anayehesabiwa.

Miezi 11 baadaye Toronto ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Golden State Warriors michezo 4 kwa 2, na tangu hapo wengi husema kwamba kikombe kimejibu kila lawama. Jibu hilo ni la haraka mno. Tarehe 12 Mei 2019, Toronto ikiwa bado njiani kuelekea ubingwa huo, katika mchezo wa saba na wa mwisho dhidi ya Philadelphia, matokeo yakiwa 90 kwa 90, Leonard alirusha mpira kutoka pembeni huku muda ukiisha. Mpira ukaigonga pete, ukaruka, ukaigonga tena, ukadunda mara 4 kabla ya kutumbukia. Ungeangukia nje, mchezo ungeendelea kwa dakika za nyongeza, pengine Toronto ingetolewa, na wanaokisifu leo kitendo cha mwaka 2018 wangekiita ukatili usio na faida. Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili, mwaka 1976, bahati ya kimaadili: hali ya kitendo kuhukumiwa kwa mambo yasiyokuwa mikononi mwa mtendaji. Williams alimfikiria mchoraji anayewaacha jamaa zake ili akatimize sanaa yake, na ambaye ni mafanikio pekee yatakayompa la kujitetea. Lakini hata yeye hakudai kwamba mafanikio hayo huwanyamazisha walioachwa. Haiwezekani haki ya DeRozan iwe imetundikwa kwenye ukingo wa pete, ikisubiri mpira uamue uelekee wapi.

Wala kosa halimo katika kubadilishana au kuachana kwenyewe. Leonard aliondoka Julai 2019 kwenda Los Angeles Clippers akiwa mchezaji huru, na hakumdhulumu mtu, kwa kuwa muda wake ulikwisha na hakuna alichoahidi zaidi ya muda huo. Kwa DeRozan hali ni tofauti: alitoa uaminifu kama zawadi, klabu ikaupokea kama sehemu ya mkataba, na tofauti hiyo haikusemwa waziwazi mpaka siku ya kuachana. Mwenyewe alieleza hadharani kwamba aliambiwa hivi, yakatokea vile. Na Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa klabu wakati huo, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba radhi kwa kutoelewana katika mazungumzo yao. Radhi hiyo ina uzito katika hoja, kwa sababu hakuna anayeomba radhi kwa kuhamisha karatasi. Iliombwa kabla mchezo wowote haujachezwa, wakati hapakuwa na kikombe cha kujifichia, na kwa hiyo inathibitisha kwamba lilikuwapo deni ambalo mkataba haukuliandika, deni la kumwambia mtu ukweli mapema ili ajue anakabidhi nini anapoukabidhi uhuru wake.

Tarehe 22 Februari 2019 DeRozan alirudi Toronto kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya San Antonio, na watu wa ukumbi ule, ambao timu yao ilikuwa imenufaika kwa kuondoka kwake, walisimama na kumpigia makofi marefu. Kisha mchezo ukaanza, na katika sekunde za mwisho Leonard akampokonya mpira mkononi, akakimbia nao peke yake hadi kikapuni.