Mjane, Kadhi na Njia ya Chake Chake

Wakristo wa Pemba ni wachache sana. Anayesali hapa alfajiri huamshwa na adhana ya msikiti wa jirani, na mimi naihesabu kuwa bahati. Mwadhini anaita leo kama alivyoita jana, wala hakuna anayemwuliza mbona anarudia.

Sisi ndio tunaochoka kurudia. Jambo tukiliomba mwezi wa kwanza, na wa pili, kufika wa tatu tunaona haya, kama mtu anayekwenda kukopa tena dukani na deni la zamani hajalipa.

Tukiwa na haya hiyo ndipo tunapousoma vibaya mfano wa Luka 18. Mjane anamsumbua kadhi asiyemcha Mungu mpaka kadhi anachoka na kumpa haki yake. Mahubiri mengi huishia hapo: msumbue Mungu, naye atachoka. Lakini Yesu alimtaja kadhi yule ili tujue Baba hafanani naye. Mimi namtazama mjane. Hakuwa na cha kuhonga wala mtu wa kumsemea. Kwa nini basi hakubaki nyumbani? Alijua kwamba anachodai ni chake.

Kisiwa hiki kimewahi kupitiwa na watu wa namna hiyo. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammed alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Uhuru, hata hivyo, haukumfuata mtu shambani. Ilimbidi mtumwa atoke mwenyewe kwenye mikarafuu, aende mahakamani, aseme anautaka; tena aeleze atakaa wapi na atakula nini, asije akahesabiwa mzururaji. Mwaka huohuo alifika Pemba Theodore Burtt wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Quaker, na misheni yao ikaanzishwa Banani, katika shamba la karafuu, ili walioachiwa huru wapate kazi na makao.

Namfikiria mtumwa mmoja akiwa njiani kwenda mahakamani Chake Chake, vidole bado vinanuka karafuu alizochambua jana. Amri imekwisha kutolewa, lakini yeye hajaonja chochote. Anatembea kwa kuamini habari aliyoisikia. Nami nikipiga magoti naona niko katika njia hiyohiyo: ahadi ipo, mkono wangu bado mtupu, na hatua inayofuata ni yangu. (Tusiulazimishe sana ulinganisho huu. Serikali ile iliwalipa fidia mabwana, na mtumwa hakupata kitu kwa miaka yake yote. Mungu wa namna hiyo nisingemwomba.)

Marafiki wa Uingereza waliokuja Banani walikuwa na desturi ya kuabudu kwa ukimya. Watu huketi pamoja, hakuna kwaya, hakuna mhubiri aliyepangwa. Mtu husema akisukumwa moyoni, na pengine saa nzima hupita bila neno. Aliyejaribu anajua ilivyo kazi. Umekaa tu kidogo, akili imeshakwenda sokoni. Unairudisha. Inakwenda bandarini kupokea mzigo. Unairudisha tena, taratibu, bila kuigombeza. Kudumu katika sala, kwangu mimi, ni huko kurudi, hata siku ambayo hujisikii kitu.

Kati ya watumwa wale, wako waliongoja kuliko wengine. Masuria hawakupewa haki ya kudai uhuru wao kwa amri ya 1897. Walisubiri mpaka 1909. Miaka hiyo 12 siwezi kusema ni Mungu aliyenyamaza. Ni watu walioandika sheria na kuwaacha wanawake hao nje, na baadhi yao bila shaka walikuwa wakienda kanisani. Maombi mengi hukwama hapo, mikononi mwa binadamu mwenzako.

Basi ukiwa na ombi uliloliacha kwa aibu, lirudie leo. Na kama yupo anayekuja mlangoni pako kila siku na neno lilelile, mfungulie.