Kukaa Mbali na Kelele

Mtu wa Lubumbashi akipata fedha kidogo, neno lake la kwanza ni hili: "Nataka lupango nje ya mji, mahali penye miti." Hata kabla ya gari ataka miti na kimya. Sisi nasi tulisema vivyo hivyo. Miaka sita iliyopita tulihama Katuba, tukaenda kukaa upande wa barabara ya Kasapa. Basi, wasomaji wapenzi, twaweza kulizungumza jambo hili kama watu waliolionja.

Kwanza tuutaje wema wake, maana si haki kukitukana chakula kilichokushibisha. Kule Katuba muziki wa baa ulitulaza na muziki wa baa ulituamsha. Jirani akigombana na bibi yake, watoto wetu walijua sababu ya ugomvi kabla ya wazee wa kuamua. Huku mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, twasikia vyura. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, twasikia upepo tu. Watoto wasoma masomo yao mezani bila kuziba masikio. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mijakaranda huchanua na njia yote huwa ya zambarau, hata mtu mwenye haraka husimama kidogo. Tena baba wa nyumba, ambaye zamani alirudi kazini na kupiga kelele juu ya kelele, siku hizi asema polepole. Hilo si jambo dogo.

Wako wanaosema kwamba anayehamia penye miti ana majivuno. Hao wamesahau habari za mji wetu. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, Wazungu walijikatia njia pana na kupanda miti kandokando yake. Watu weusi waliwekewa mji wao mbali, na katikati ikaachwa nchi tupu isiyojengwa. Walisema ni kwa ajili ya afya, kwamba mbu wa malaria wasiwavukie Wazungu. Mchana baba zetu walivuka wakaenda kumwagilia maua ya watu. Usiku hawakuwa na ruhusa ya kuonekana huko bila karatasi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kivuli na kimya viligawanywa hapa kwetu kwa rangi ya ngozi. Mjukuu wa mmwagiliaji akitamani leo kukaa chini ya mti wake mwenyewe, nani atamwita mwenye majivuno? Ni haki yake iliyochelewa.

Lakini haki ya kupata kitu haituzuii kuuliza kitu hicho chatoka wapi.

Tazama nyumba za mtaa wetu. Matofali yake yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu, vile virefu kupita nyumba ambavyo kila mtu wa Katanga avijua, yakachomwa kwa kuni za pori. Pori lenyewe lilikuwa hapa hapa. Wazee wanakumbuka kuokota masuku na uyoga mahali ambapo sasa pana ukuta na lango la chuma. Miti ikakatwa ikawa makala, na mpaka leo wenye kinga waingia mjini alfajiri wakisukuma magunia, ila sasa watoka mbali zaidi kila mwaka. Nasi tukaja juu ya nchi iliyonyolewa, tukapanda mijakaranda, mti wa kigeni kutoka Amerika ya Kusini usiozaa tunda la kuliwa, tukasema: "Oneni jinsi tunavyopenda miti!" (Miembe tumepanda miwili, tusijisingizie kupita kiasi.)

Tazama tena yule zamu langoni. Sisi twalala kwa sababu yeye halali. Nyumba yake iko Kenya, chumba kimoja na watoto wengi, na usingizi wake ni wa mchana, katikati ya kelele zile zile tulizozikimbia. Kelele hazikwisha basi. Zimehamishwa tu, na mwenye kuzibeba twampa mshahara usiomwezesha kuzikimbia yeye naye.

Hayo yote tungaliweza kuyasema bila kuumia. Lakini liko moja linalotuuma.

Kule Katuba, ng'ambo ya ua wetu, alikaa mama mzee tuliyemwita Kambo. Hakuwa ndugu yetu. Watoto wetu wawili wa kwanza walijifunza kutembea katika lupango lake. Tulipokosa bukari, yeye alituma sahani; alipokosa makala, sisi tulipeleka kopo. Tulipohama tulimwahidi kwamba tutafika kila Jumapili. Mwaka wa kwanza tulifika. Mwaka wa pili tulifika sikukuu. Halafu ikawa teksi zapanda bei, mvua yaharibu njia, kazi nyingi, na sababu nyingine ambazo mtu hujitengenezea. Siku moja tulikutana sokoni na mtu wa Katuba, akatupa pole. Pole ya nini? Kambo alikuwa amezikwa, na kilio kimekwisha siku tisa zilizopita. Hakuna aliyetufichia habari. Kila mtu alidhani kwamba tunajua, na kwamba hatukutaka kuja.

Tangu siku ile twajiuliza hivi: je, kimya kilituharibu? Ingekuwa rahisi kuitikia ndiyo, kisha kuwalaumu miti na kuta. Lakini tukiwa wakweli, twaona jambo gumu zaidi. Kule Katuba tulijiona majirani wema. Tulikuwa wema kweli? Au labda kuta zilikuwa nyembamba tu? Mtoto wa Kambo akilia tulisikia, tutake tusitake. Asiyekwenda angalionwa na njia nzima. Kelele ile tuliyoichukia ilitufanyia nusu ya kazi ya upendo. Ilitupigia hodi sisi tusiopiga hodi. Huku hakuna anayetupigia. Mwenye kutaka kuwa jirani lazima aamke kitini, avae viatu, atoke langoni, agonge lango la pili na kungoja mbwa afungwe. Watu wa mtaa wetu si wabaya. Tu wavivu, na hapa uvivu hauna wa kuukatiza.

Tusimsifu mno Katuba, walakini. Kule nako tuliibiwa, tulisengenywa, na wako waliolia njaa ukuta kwa ukuta na walevi. Kusikia si kusaidia. Lakini asiyesikia hawezi hata kuanza.

Wengine watatuambia tungoje tu, kelele zitatufuata. Huenda ni kweli. Ruashi ilipojengwa miaka ya 1950 ilikuwa mbali, mwisho wa mji. Leo mji umeipita, na mgodi wachimba shaba na kobalti kando yake. Komini ya Annexe, inayouzunguka mji pande zote, yajaa nyumba kila mwaka. Lakini kungoja mji uje utufanye majirani ni kurudia uvivu ule ule.

Mwezi uliopita tulimwalika mama yetu mzazi, aliye bado Katuba, aje kukaa nasi. Tulimwonyesha chumba chake, dirisha lake, mwembe wake. Alikaa siku nne, akashukuru sana, kisha akaomba arudishwe. "Huku nani ataniuliza asubuhi kama nimelala salama?" Tukamjibu: "Sisi, mama." Akasema, "Ninyi mwaenda kazini."

Tulimrudisha. Juma lile tulimwita fundi, akatoboa ukuta upande wa njia ya nyuma na kutia mlango mdogo, ili watu wa huko, ambao bomba lao hukauka mara nyingi, waje kuchota maji katika kisima chetu. Sasa alfajiri pana ndoo, vicheko na watoto. Jirani wa mkono wa kuume ameleta malalamiko kwa ajili ya kelele. Tumemwambia aje tuzungumze, na kesho jioni atakuja. Ni mara ya kwanza aingie kwetu tangu tuhamie.