Samadi ya Zizini na Amana ya Mwenyezi Mungu

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani ya kuwa dini huishia msikitini, na kwamba zizi na shamba ni mambo ya dunia tu. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura Ar-Rahman, inataja mizani aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika uumbaji Wake, na kumwonya mwanadamu asiivuruge. Zama hizi mizani ya hewa inavurugika, na kilimo kina fungu lake.

Ng'ombe acheuapo hutoa gesi iitwayo methani. Samadi mbichi iliyorundikwa pasipo kupata hewa hutoa gesi hiyo hiyo, na mbolea ya chumvichumvi ikizidi shambani hutoa nitrasi oksidi. Gesi hizi huzuia joto la dunia lisitoke. Katika miaka 100, kilo 1 ya methani hiyo huongeza joto takriban mara 27 kuliko kilo 1 ya hewa ya ukaa. Mwaka 2019 kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi vilitoa kama asilimia 22 ya gesi zote za namna hii zitokanazo na kazi za binadamu.

Huenda mwulizaji akasema: "Mkulima wa Kikatiti mwenye ng'ombe wawili ana kosa gani mbele ya mataifa yenye viwanda?" Swali hili ni la haki. Aliyechafua zaidi atadaiwa zaidi, wala mnyonge hatatwishwa deni la mwenye nguvu. Walakini mvua ikikosekana, yanyaukayo ni mahindi ya Kikatiti. Tena uchache wa mali haumwondolei mtu amana aliyopewa.

Na dawa i karibu. Mwaka 1981 kilianzishwa mjini Arusha kituo cha CAMARTEC, ambacho kimeeneza mitambo ya gesi ya samadi. Samadi huchanganywa na maji na kutiwa katika shimo lililojengwa na kufunikwa. Methani hukusanyika, nayo hupelekwa jikoni kwa bomba. Ikiungua, madhara yake hupungua sana. Mama hupumzika na moshi na kuni, na masalio hurutubisha shamba.

Basi tafakari: kitu kile kile kikiachwa ovyo ni madhara, kikitunzwa ni neema. Israfu si kumwaga chakula tu, bali pia kuiacha neema ya Mungu iharibike. Asiyeweza kujenga mtambo aigeuze samadi yake ipate hewa, asichome mabua, wala asizidishe mbolea kupita kipimo.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watunzaji waaminifu wa amana Zake. Amin.