Mwenye Mali ni Nani?

Hebu tuanze na swali la kijiweni. Mtu akinyimwa kilicho chake bila habari, kisha akarudishiwa bila kuambiwa, je, amerudishiwa?

Najua wapo watakaocheka. Watasema hayo ni maswali ya saa nne usiku, chupa zikishapungua mezani. Lakini jambo hili lilitokea kweli, na waliotokewa ni waandishi wa nchi hii, tena wengine ni wa huku kwetu ziwani.

Kwa miaka mingi, mpaka tarehe 25 Julai 1994, Tanzania haikuwa na mkataba wa hakimiliki na Marekani. Kitabu cha Mtanzania kilichochapwa Dar es Salaam kikifika kule kilikuwa kama embe lililoanguka barabarani: apitaye aokote. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ilitoa, kwa vitabu viwili, riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Sisi wa Mugango Kitereza ni jirani yetu, maji tu ndiyo yanayotutenga na Ukerewe yake. Aliimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, mwishowe akaitia mwenyewe katika Kiswahili. Miaka 35 ya kungoja, jamani! Akafariki mwaka 1981. Sasa, siku kilipotoka kitabu hicho, mtu wa Chicago angeweza kupiga chapa nakala elfu kumi, akauza zote, na asivunje hata sheria moja ya kwao. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hukohuko Ukerewe, iliyotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990, nayo ilikuwa vivyo hivyo.

Kisha upepo ukageuka. Julai hiyo ya 1994 Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, na tarehe 1 Januari 1995 ikawa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Katikati ya tarehe hizo mbili, 8 Desemba 1994, Rais Clinton alitia sahihi sheria ya kutekeleza makubaliano ya biashara ya Duru ya Uruguay. Humo ndani, katikati ya habari za ushuru na ngano, mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba kazi za kigeni zilizokuwa zimeangukia mikononi mwa kila mtu kule Marekani, ama kwa kukosa mkataba ama kwa kukosa kufuata taratibu zao, zinarudi kwa wenyewe, alimradi kwao ziwe bado zinalindwa. Siku ya kurudi ni 1 Januari 1996.

Hakuna aliyetakiwa kuomba. Wewe umelala Mugango, umechoka na sikukuu ya mwaka mpya, kumbe ng'ambo ya bahari haki yako imeingia ndani bila kubisha hodi. Kitereza alikuwa na karibu miaka 15 kaburini. Na tazama kichekesho: kwa sheria yetu ya 1999, inayohesabu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kitabu chake kinalindwa hapa nyumbani mpaka mwisho wa 2031. Marekani, wanakohesabu miaka 70, kinalindwa mpaka mwisho wa 2051. Ugenini kilikataliwa kwanza, sasa ugenini ndiko kitakakokaa muda mrefu zaidi.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni yule jamaa wa Chicago. Huyu alikuwa ameshaanza kuitumia kazi siku ambazo ilikuwa ya bure. Hakuiba, maana sheria ya kwao ilimwambia chukua. Kwa mtu wa namna hiyo, sheria ilitaka mwenye mali atoe taarifa kwamba sasa anadai haki yake. Ama ampelekee mhusika moja kwa moja, ama aandikishe tamko katika Ofisi ya Hakimiliki iliyo ndani ya Maktaba ya Bunge, Washington, na tamko hilo liwafunge wote wa aina yake kwa mpigo mmoja. Ofisi ilipokea matamko hayo kwa miaka miwili tu, 1996 na 1997. Mtumiaji akishapata taarifa alipewa miezi 12 ya kumaliza bidhaa zake. Asipopata taarifa, aliendelea na shughuli zake kama kawaida.

Miezi 12 siipingi hata kidogo. Huku kwetu mtu akilima shamba lililoachwa pori, na mwenyewe akarudi kutoka safari, hatumfukuzi mlimaji mihogo ikiwa ardhini. Tunamwambia: ndugu, vuna, halafu tupishane. Hata mzee mkali kuliko wote atakubali hivyo, kwa sababu jasho la mtu halikuwa la wizi. Na ni haki pia kwamba aliyelima kwa nia njema aambiwe, asishtukie tu panga mlangoni.

Lakini angalia huyo mwenye shamba alitakiwa aseme vipi kwamba amerudi. Tamko liandikwe kwa Kiingereza, isipokuwa jina la asili la kazi, nalo lifuatwe na tafsiri yake ya Kiingereza. Lipigwe taipu, au liandikwe kwa mkono kwa wino wa giza unaosomeka. Karatasi iwe nyeupe, ya inchi 8.5 kwa 11. (Nenda stashenari yoyote ya Musoma ukaulizie karatasi ya kipimo hicho. Watakupa A4, au fulskepu, au watakuangalia tu.) Liwe na jina la mwenye haki, anwani yake na namba ya simu. Ada ilikuwa dola 30 kwa kazi moja, na dola moja kwa kila nyingine iliyoongezwa.

Kila sharti hapo, ukilitazama peke yake, lina akili. Ofisi haiwezi kusoma Kikerewe. Mchapaji anayetaka kuelewana na wewe lazima apate pa kupiga simu. Sioni mtu aliyekaa Washington akasema tuwakomoe Waafrika. Lakini yapange pamoja, kisha umchore mtu anayeweza kuyatimiza mwaka 1996. Utamchora mtu mwenye wakili, mwenye katibu muhtasi, mwenye simu mezani na akaunti ya dola. Yaani utachora kampuni. Mwandishi wa kijijini, anayepokea barua kwa sanduku la posta la shule au la parokia, hakuwa hata na namba ya kujaza katika ule mstari wa simu. Haki ilikuwa yake, ila mlango wa kuidai ulipimwa kwa kimo cha mtu mwingine. Hivyo jibu langu kwa swali la kijiweni ni kwamba alirudishiwa nusu. Nusu ile ya kuwazuia watu wapya ilikuja yenyewe. Nusu ya kuongea na wale wa zamani ilibaki posta.

Sasa nisije nikaonekana nalia upande mmoja tu. Kuna wanaosema kurudisha ndiyo kosa lenyewe. Marekani, kondakta wa muziki Lawrence Golan na wenzake walikwenda mahakamani wakidai kwamba kitu kikishakuwa cha wote hakitakiwi kunyang'anywa wote. Walikuwa wakipiga kazi za akina Prokofiev bure, ghafla wakatakiwa kulipa. Tarehe 18 Januari 2012 Mahakama Kuu ya nchi ile iliwakatalia, majaji sita kwa wawili. Kwa moyo wangu wa kimaskini nawaonea huruma. Mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na hakuna aliyemwandikia kutoka Uingereza kumwambia mali hiyo ina mwenyewe. Shakespeare alikufa 1616, kapu lake liko wazi. Kiswahili kimekula humo na kimenenepa. Nani kati yetu angetaka kapu hilo lifungwe tena?

Hata hivyo, tofauti ipo. Kazi ya Shakespeare iliingia kapuni kwa kuzeeka. Ya Kitereza iliingia kapuni siku ileile ilipozaliwa, kwa sababu tu serikali mbili hazikuwa zimetiliana sahihi. La kwanza naliita urithi. La pili sijalipatia jina la heshima.

Kuna kitu kingine, na hiki kinanisumbua kuliko ada na karatasi. Sheria ile ilisema haki iliyorudi ni ya mtunzi, au ya mwenye haki wa kwanza, kama inavyoamuliwa na sheria ya nchi ilikotoka kazi. Yaani Washington walitupa mpira kwetu: semeni wenyewe mwenye mali ni nani. Tuseme basi.

Mwaka 1950, huko Kenya, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi vijijini kwao. Wimbo huo umezunguka dunia. Katika maelezo yake limeandikwa jina la mmoja, Chemutoi Ketienya, na waliobaki wote wakawa "wasichana wa Kipsigis". Sasa tuchukulie karatasi ya tamko imewekwa mezani. Nani atie sahihi? Aliyekuwa na mashine? Aliyetoa sahani? Chemutoi? Au hao wengine, ambao bila wao kuitikia wimbo usingekuwepo? Mstari wa jina kwenye karatasi ni mmoja.

Na hapa Mugango ni vilevile. Wavuvi wakivuta nyavu wanaimba. Mmoja anaanza, wengine wanapokea, kesho mwingine anatia ubeti wake, na baada ya mwaka ukiuliza nani katunga utaambiwa: tuliukuta. Sheria yetu ya 1999 inazitambua sanaa za jadi kama hizo, na mamlaka ya kutoa kibali cha kuzitumia kibiashara ikapewa Baraza la Sanaa la Taifa. Heri hivyo kuliko kuwa yatima. Lakini mwimbaji wa mwaloni bado hana pa kuweka kidole chake. Jina lake halikutakiwa Washington, na hata Dar es Salaam halitakiwi.

Ndiyo maana, ndugu yangu unayeleta mswada katika jarida hili, nimeona nikuchokoze wewe badala ya kuishia kuwasema Wamarekani. Nusu ya hadithi tunazochapa humu zimetoka mdomoni mwa bibi wa mtu. Unasikiliza likizo, unaandika usiku, unarudi mjini, unataipu, na chini ya kichwa cha hadithi unaweka jina moja, lako. Mimi sisemi ni wizi. Kuandika ni kazi, na hadithi ya bibi ikipita mikononi mwako inapata mwili ambao haikuwa nao. Kitereza naye alijaza kitabu chake desturi za Wakerewe ambazo hakuzitunga yeye, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kitabu si chake. Ila wewe ndiye mwenye taipureta, mwenye Kiingereza, mwenye namba ya simu. Kwa bibi yako, Washington ni wewe. Je, ulimwambia? Na kama hajui kusoma, ulimsomea ulichoandika, akakwambia hapa sivyo, hapa ndivyo, hapa nilikuwa nakutania? Ukishapata jibu lake, tutumie mswada, na utuambie jina la kwanza liandikwe la nani.